Sataranji ukubwani: soma pale unapofungwa

Watu wazima wengi sataranji iliwaingia kupitia skrini. Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe jijini Kampala aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya mchezo huo. Mwaka 2020, watu wakiwa wamejifungia ndani kwa sababu ya korona, ikafuata tamthilia ya The Queen's Gambit. Mhasibu, mwalimu, dereva wa lori na muuguzi wakapakua programu kwenye simu, wakajifunza jinsi farasi anavyoruka, wakaanza kucheza usiku watoto wakishalala.

Miezi ya mwanzo huwa mitamu. Kila wiki mchezaji anagundua jambo jipya, namba inayoonyesha kiwango chake inapanda, na waliokuwa wakimfunga juzi leo anawafunga yeye. Kisha namba inaganda. Anacheza kila siku, anatazama video, hata kitabu amenunua, lakini yuko palepale. Ukimuuliza, jibu analo mdomoni: mchezo huu ni wa watoto, samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo ina ukweli wake, na tutaufikia. Lakini kwa mchezaji wa kiwango hiki, umri si mshitakiwa wa kwanza. Kaa naye mpitie michezo kumi aliyofungwa karibuni, utaona mambo mengine kabisa. Muda wake wa kusoma unakwenda wote kwenye jambo moja analolipenda, huku michezo inampotea kwenye mambo mawili matatu ambayo hajawahi kuyagusa.

Waliochelewa, na ukweli wa methali

Historia ya sataranji inao watu walioanza baada ya utoto wakafika mbali. Joseph Blackburne, aliyezaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1841, alikulia kwenye drafti. Alikuwa kijana mkubwa tayari pale sifa za Paul Morphy, Mmarekani aliyekuja Ulaya na kuwafunga mabingwa wake, zilipomvuta kwenye sataranji. Akawa mmoja wa wachezaji wakali duniani kwa miongo kadhaa. Mrusi Mikhail Chigorin alijifunza akiwa na miaka 16, akauweka mchezo kando, asiushike kwa dhati mpaka alipovuka miaka 20. Mwaka 1889, na tena mwaka 1892, alikuwa Havana akiwania ubingwa wa dunia dhidi ya Wilhelm Steinitz. Karibu zaidi na zama zetu yupo Ye Jiangchuan wa China, aliyeanza akiwa na miaka 17, akitokea kwenye mchezo wa jadi wa Kichina unaofanana na sataranji. Alitwaa ubingwa wa nchi yake mara saba na kupata cheo cha grandmasta.

Tusidanganyane, hata hivyo. Hao walianza wakiwa vijana na wakaupa mchezo sehemu kubwa ya maisha yao. Mwenye miaka 40, ada za shule shingoni na foleni ya saa mbili kwenda na kurudi kazini, hayumo kwenye orodha hiyo. Mwaka 2007 Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichapisha utafiti juu ya wachezaji 104 wa Argentina, na mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba aliyeanza mapema ana nafasi zaidi ya kufika juu. Hapo methali inashinda.

Ila utafiti huohuo ulionyesha jambo lingine. Kati ya waliofikia kiwango cha masta, kuna aliyetumia saa 3,000 hivi za mazoezi na kuna aliyehitaji zaidi ya 23,000. Wingi wa saa peke yake, basi, hauelezi kila kitu. Miaka miwili kabla ya hapo, Neil Charness na wenzake walikuwa wamewauliza wachezaji wa mashindano wanavyotumia muda wao: kucheza, kufundishwa, kusoma. Kilichoashiria vizuri kuliko vyote kiwango cha mtu kilikuwa saa alizokaa peke yake akisoma kwa dhati. Magrandmasta walikadiria kuwa walitumia karibu saa 5,000 za namna hiyo katika miaka kumi ya mwanzo, takriban mara tano ya wachezaji wa kati.

Kwa mtu mzima hii ni habari njema yenye mwiba ndani yake. Wema wake ni kwamba hahitaji kipaji cha ajabu wala kocha wa gharama ili aondoke alipo. Mwiba ni kwamba ile michezo ya dakika tatu tatu anayoicheza kitandani haihesabiki kama kusoma.

Masta anaona nini

Mholanzi Adriaan de Groot alikuwa mwanasaikolojia na pia mchezaji aliyeiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kuwaketisha wachezaji mbele ya ubao na kuwataka waseme kwa sauti wanachofikiri. Baadhi ya waliokubali walikuwa vigogo wa dunia wa wakati huo, akiwamo Max Euwe na Alexander Alekhine. Watu walitarajia kusikia kuwa bingwa anaona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot hakukuta tofauti kubwa hapo. Tofauti ilikuwa kwamba bingwa, kabla hajaanza hata kupiga hesabu, alikuwa tayari anatazama hatua zinazostahili kutazamwa. Akionyeshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde chache kisha ukafunikwa, aliweza kuupanga upya karibu wote.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wakiwa Pittsburgh, Marekani, walirudia jaribio hilo kwa kuongeza mtego: kete zikatawanywa ubaoni ovyo, bila mpangilio unaotokea mchezoni. Uwezo wa masta ukaporomoka karibu na wa wachezaji wa kawaida. Kumbe hakuwa na kumbukumbu ya kimuujiza. Alichokuwa nacho ni hazina ya mafungu anayoyatambua: mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, farasi aliyekita katikati, ngome mbili katika safu moja.

Hazina hiyo hujengwa kwa kuona mafungu mengi, ya kila aina, mara nyingi. Neno la kushika ni «ya kila aina». Anayekariri mianzo tu atayatambua mafungu ya hatua kumi za kwanza na kuwa kipofu kuanzia hapo. Anayefumbua mafumbo tu atamnasa malkia wa mpinzani panapokuwa na nafasi, na atakaa mikono mitupu pasipokuwa nayo.

Mapenzi ya upande mmoja

Mapenzi ya upande mmoja yanayowashika wengi ni yale ya ufunguzi. Ni rahisi kuelewa kwa nini: ufunguzi una majina matamu, una video nyingi, na unampa mtu hisia kuwa anakijua kitu. Chukua mtu aliyeamua kujifunza Najdorf, tawi la ufunguzi wa Sisilia lililokuwa silaha ya mabingwa Bobby Fischer na Garry Kasparov. Anakariri hatua 12 kwa kila njia. Anaketi kucheza, na mpinzani, katika hatua yake ya pili tu, anasukuma askari wa safu ya c nyumba moja. Najdorf imekwisha kabla haijaanza. Wiki mbili za kukariri hazimsaidii, kwa kuwa hakuwahi kujiuliza zile hatua zinatafuta nini: kuidhibiti kati, kutoa kete ndogo nje, kumweka mfalme salama.

Upande wa pili wapo waumini wa mafumbo. Mtume wao mashuhuri ni Michael de la Maza, Mmarekani aliyeingia kwenye mashindano akiwa mtu mzima. Katika muda wa miaka miwili hivi, kuanzia mwaka 1999, alipanda kwa takriban alama 700, na mwaka 2002 akatoa kitabu kuhusu njia yake. Njia yenyewe ilikuwa ngumu: unachukua mafumbo 1,000 ya mashambulizi, unayamaliza kwa siku 64, unayarudia kwa siku 32, halafu 16, 8, 4, 2, na mzunguko wa saba unayafanya yote kwa siku moja. Mengine karibu yote aliyaweka kando.

Wapo waliomcheka, lakini alama alizipata. Siri iko kwenye kiwango alichokuwapo. Chini huko michezo huamuliwa na kete zinazoachwa bila mlinzi, kwa hiyo dawa aliyoinywa iliuendea ugonjwa aliokuwa nao. Tatizo huja pale dawa hiyo inapoandikiwa kila mgonjwa. De la Maza mwenyewe aliacha mashindano punde baada ya mafanikio hayo, na ratiba inayodai maelfu ya mafumbo si ya kuishi nayo mwaka baada ya mwaka ukiwa na kazi na familia.

Kutoka kijiweni

Hapa kwetu anayekuja kwenye sataranji ukubwani mara nyingi ametokea kijiweni kwenye drafti, kama Blackburne. Anakuja na mtaji mzuri. Anajua kupiga hesabu ya hatua nne tano mbele, anajua kutoa kete moja ili ale mbili, hatishwi na kelele za watazamaji. Lakini anakuja pia na deni. Kwenye drafti kula ni lazima, kwenye sataranji ni hiari, na mara nyingi hatua bora ni kuacha kilichopo mezani kisubiri.

Mwana drafti anakula kila kinacholika. Askofu kwa farasi, ngome kwa ngome, malkia kwa malkia, mpaka ubao unabaki mweupe. Kila mbadilishano mmoja mmoja unaonekana wa haki, kete kwa kete. Akija kushtuka, wamebaki wafalme wawili, ngome mbili na askari wachache, na hapo ndipo mahali asipopajua kuliko pote: umalizio. Bila kupanga, amejipeleka mwenyewe kwenye mtihani ambao hakuusomea.

José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kati ya mwaka 1921 na 1927, alishikilia kwamba umalizio ndio wa kusomwa mapema. Kuna sababu ya kiutendaji inayompendeza mtu mwenye muda mchache: mianzo hubadilika kwa mitindo, lakini umalizio uliojifunza leo utakufaa vilevile baada ya miaka 30.

Mfano ni huu, na anayetaka aweke ubao mezani. Mfalme mweupe yuko g8. Askari wake yuko g7, nyumba moja tu kabla ya kugeuka malkia, lakini mfalme wake mwenyewe ndiye aliyemzibia. Ngome nyeupe iko e1. Mfalme mweusi yuko d7, amezuiwa na ngome hiyo asisogee karibu, na ngome nyeusi iko h2. Zamu ya mweupe.

Asiyejua anamtoa mfalme mara moja: f7. Ngome nyeusi inampa cheki kutoka f2. Anakwenda g6, cheki kutoka g2. Anarudi f6, cheki tena. Kila anapokanyaga anafukuzwa, hadi anarudi alikotoka au anakubali sare.

Anayejua anaanza na hatua inayoonekana haina maana: ngome kutoka e1 hadi e4. Mweusi, tuseme, anasogeza ngome h1 kusubiri. Sasa mfalme anatoka: f7, cheki kutoka f1; g6, cheki kutoka g1; f6, cheki kutoka f1; g5, cheki kutoka g1. Na hapo ngome nyeupe inateleza kutoka e4 hadi g4, inasimama kati ya mfalme na ngome nyeusi, ikilindwa na mfalme wake. Cheki zimekwisha. Mweusi hata akiila ngome hiyo, mfalme anailipiza, na askari anageuka malkia. Wachezaji wanauita mpango huu daraja, na hali yenyewe inaitwa ya Lucena, kwa jina la Mhispania aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1497, ingawa humo kitabuni haimo.

Kulielewa daraja hilo kunachukua jioni moja. Kulikaza, uweze kulijenga ukiwa na dakika mbili kwenye saa, kunachukua jioni tatu nne zaidi. Faida yake hailetwi na umalizio huo peke yake. Ukishajua kwamba hali ile inashinda, utajua hatua 15 kabla ni mbadilishano upi wa kuukubali na upi wa kuukataa. Umalizio umerudi nyuma kukufundisha sehemu ya kati ya mchezo.

Kuhesabu vipigo

Basi nani aamue usome nini wiki hii? Kocha akiwapo, yeye. Asipokuwapo, iachie michezo yako mwenyewe kazi hiyo. Mikhail Botvinnik, aliyeutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948 na kuuachia moja kwa moja mwaka 1963, aliwahimiza wachezaji waichambue michezo yao kwa maandishi na hata kuichapisha, ili wengine wawakosoe. Mtu mzima si lazima achapishe. Daftari la shilingi chache linatosha.

Uchambuzi una utaratibu wake. Mchezo ukiisha, upitie kwanza bila kompyuta. Andika ulifikiri nini pale ulipokaa muda mrefu, uliogopa nini, mpinzani alikushtua wapi. Baada ya hapo ndipo uiwashe programu ya Stockfish, ambayo ni bure, au utumie uchambuzi wa Lichess, jukwaa la bure lililoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Ukianza na kompyuta itakupa jibu sahihi la swali ambalo hukujiuliza, na kesho utalikosea tena. Itakuambia hatua gani ilikuwa mbaya. Kwa nini wewe uliiona nzuri, hilo unalijua wewe tu, na ndilo la kusahihisha.

Kisha kila kipigo kipe sababu moja: niliacha kete wazi au sikuona tishio, sikuwa na mpango, umalizio, muda uliniishia, ufunguzi. Tuseme baada ya michezo 20 uliyofungwa daftari linasoma hivi: kete iliyoachwa wazi, 11, kukosa mpango, 4, umalizio, 3, muda, 1, ufunguzi, 1. Mtu huyo anayetumia theluthi mbili za saa zake kwenye mianzo anatibu kipigo kimoja kati ya ishirini.

Na hii ndiyo maana ya kusoma kwa mizani. Hakuna haja ya kugawa saa sawa kwa sawa baina ya ufunguzi, kati na umalizio. Kila sehemu ipate kiasi kinacholingana na hasara inayokuletea, na isiwepo hata moja inayopata sifuri.

Saa tano za wiki

Mwenye kazi na familia akijibana hupata saa tano kwa wiki. Zinatosha kwa mengi kama hazitamwagika. Kwa yule mwenye daftari la hapo juu, mgawo wa kuanzia unaweza kuwa huu. Saa mbili: michezo miwili ya taratibu, ambayo kila mchezaji ana angalau dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, pamoja na kuiandika kwenye daftari. Saa moja na nusu: mafumbo, dakika 15 kwa siku kwa siku sita, kwa sharti la kuona jibu zima kichwani kabla ya kugusa kete. Dakika 45: umalizio mmoja, huohuo kwa wiki mbili. Dakika 30: mchezo mmoja wa bingwa wenye maelezo, ukifunika kila hatua na kuikisia kabla ya kuifunua; hapo ndipo mipango inapofundishwa. Dakika 15 zinazobaki ni za ufunguzi, nazo zitumike kuuliza swali moja tu: kwenye mchezo wa juzi nilitoka wapi kwenye njia ninayoijua, na hatua sahihi ilikuwa inatafuta nini?

Mafumbo yanahitaji neno la ziada. Kwenye simu kishawishi ni kubahatisha, kwa sababu ukikosea unapewa lingine papo hapo. Ubaoni hakuna lingine. Na kwenye fumbo unajua tayari kwamba jibu lipo. Kwenye mchezo hakuna wa kukunong'oneza. Ndiyo maana tabia moja ndogo huokoa alama nyingi kuliko mafumbo mia: kabla ya kila hatua, tazama cheki zote alizonazo mpinzani na kila kete yako anayoweza kuila. Mtoto hulizoea hilo kwa kufungwa mara elfu. Mtu mzima anaweza kujiamuru, na hapo umri unamsaidia.

Linalomuumiza mtu mzima zaidi ni fahari. Mtoto akifungwa na mwenzake anapanga kete upya. Meneja aliyezoea kuheshimiwa ofisini akifungwa na mwanafunzi wa darasa la sita anataka kurudisha usiku huohuo, anacheza michezo minane ya hasira, na zile saa mbili za wiki zimekwisha bila daftari kufunguliwa.

Namba ile inayompa presha inafaa aielewe. Mfumo wake ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani, na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, liliupokea mwaka 1970. Ni hesabu ya uwezekano. Anayemzidi mwenzake kwa alama 100 anatarajiwa kuvuna takriban asilimia 64 ya pointi wakikutana mara nyingi, maana yake zaidi ya theluthi ya pointi zitakwenda kwa yule wa chini bila mtu yeyote kuwa amezeeka ghafla. Kupanda na kushuka kwa usiku mmoja hakusemi lolote kuhusu akili ya mtu.

Kinachosema ni daftari, likifunguliwa kila baada ya miezi mitatu. Vile vipigo 11 vya kete wazi vikishuka hadi vitano, mafumbo yapunguziwe muda na mipango iongezewe. Umalizio ukianza kuongoza orodha, upewe saa nzima. Mgawo uliokufaa Januari unaweza kuwa kosa ifikapo Aprili, na mchezaji anayeendelea nao kwa sababu ameuzoea amerudi kusoma anachokipenda. Hesabu vipigo upya, gawa saa upya, keti ucheze.